Mikanda ya Saandia katika Friji Yangu

"Mwenzangu, hujasikia? Sinema ya Saandia inalipiwa na mzungu."

Zoubeida aliniambia hayo akiwa upande wake wa ukuta nami upande wangu, nepi za mtoto mikononi mwangu zikidondosha maji. Alipotaja mzungu alinyanyua kidevu kuelekea barabara ya kambini. Miaka ile Moroni, mtu akisema mzungu kwa namna hiyo, hamaanishi daktari wala padri. Anamaanisha mmoja wa wale mamluki wa nguo nyeusi, waliokuja mwaka 1978 kubadilisha serikali, kisha wakabaki kuilinda na kununua mkate madukani kama watu wengine.

"Mzungu gani?" nikamuuliza.

"Kwani wana majina? Mie nimesikia tu. Kamera ya namna ile, mikanda ya kutoka Ufaransa, na yeye mwalimu wa darasa la pili anayelipwa mshahara serikali ikimkumbuka. Hebu piga hesabu weye uliyesoma."

Nilisoma Unguja mpaka darasa la saba, kabla wazazi wangu hawajaturudisha Ngazija. Huko ndiko nilikofundishwa kuandika, ndiyo maana haya nayaandika kwa Kiswahili, ingawa sisi majirani tulizungumza Kingazija. Zoubeida akitaka kunichokoza hunikumbusha kisomo changu.

"Mungu ndiye ajuaye," nikamwambia, nikaanika nepi.

Lakini na mimi nilijua. Katika sinema ile hapakuwa na mzungu. Alikuwemo mume wangu.

Sisemi kwamba Kamardine alimpa Saandia fedha. Hakuwa nazo. Kamardine ni fundi redio, kibanda chake kipo sokoni Volo Volo, kati ya muuza nyuzi na muuza papa mkavu, hata redio zikitoka kwake hunuka papa wiki nzima. Alichompa ni mikono yake na jioni zake. Saandia alikuwa ameokota stoo ya shule projekta mbovu, ile mashine ya kutupia sinema ukutani, akamletea. Kamardine akaileta nyumbani, akaipangua juu ya mkeka, na kutoka siku hiyo akawa hanisikii nikimwita kula.

"Mashine hii ina roho, mke wangu," alikuwa akisema, amelala kifudifudi, tochi mdomoni.

Siku zile nami nilikuwa na roho mbili, yangu na ya Naïma tumboni, na hakuna aliyeniinamia na tochi.

Halafu kuna habari ya friji. Kamardine aliinunua imekufa kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, akaifufua, ikawa friji pekee kwenye safu yetu ya nyumba. Nilikuwa nikigandisha maji kwenye vifuko na kuwauzia majirani. Fedha ile ilikuwa yangu, na friji nilikuwa nikiifuta kila asubuhi kama uso wa mtoto. Siku moja nafungua, nakuta rafu nzima ya chini imejaa vikopo vyeusi.

"Mikanda ya Saandia," Kamardine akasema. "Ikishapigwa picha haitaki joto. Ikikaa nje, rangi zake zinaoza. Lazima ingoje kwenye baridi mpaka apate fedha za kuipeleka Ufaransa kusafishwa. Hapa kwetu hakuna wa kuisafisha."

"Itangoja mpaka lini?"

"Mpaka apate."

Basi Saandia akawa na sababu ya kuingia nyumbani kwangu wakati wowote. Alikuwa mrefu, mwenye shingo ya kuvalia dhahabu, na hakuwa na mume. Wa kwanza alikwenda Marseille akamtumia talaka kwa posta. Kaka yake Tadjidine, naye aliyeko huko, ndiye aliyempa kamera. Lakini gharama za kusafisha mikanda alimwambia ajitegemee, maana yeye anajiwekea kwa ajili ya anda, ile harusi kubwa ya mila ambayo mwanamume wa Ngazija asipoifanya huhesabiwa mtoto hata akiota mvi.

"Hodi! Nimekuja kuwatazama wanangu," Saandia alikuwa akisema, na kufungua friji yangu.

"Wanao hawalii usiku," nikamjibu siku moja, Naïma yuko begani.

"Laiti wangelia, shoga. Ningejua ni wazima."

Akacheka. Kamardine naye akacheka kule chini kwenye mkeka. Mimi nikakaza kanga.

Sinema yenyewe ilihusu wanawake waliorudi kutoka Majunga. Watu wetu wengi walikuwa wakiishi huko Madagaska, mpaka walipovamiwa na kuuawa kwa mamia, na waliosalimika wakaletwa nyumbani mwaka 1977. Watu wakawaita Wasabena, kwa jina la ndege zilizowaleta. Saandia alikuwa akiwafuata wanawake hao kwenye cherehani zao, kwenye meza zao za sokoni, anawapiga picha mikono na nyuso, na maneno yao anayachukua kwenye kaseti. Kazi nzuri, sibishi. Lakini sisi tuliorudi kutoka Unguja, na mabegi yetu na machozi yetu, hatukupewa hata jina, na hakuna aliyetujia na kamera. Nilikuwa nikimsikia akimweleza Kamardine habari za bi fulani aliyefika na sufuria moja tu, nami nakumbuka mama yangu alifika na ufunguo wa nyumba ambayo haikuwa yetu tena. Nikawa nasubiri aniulize. Hakuniuliza.

Mikanda ya mwanzo aliilipia kusafishwa kwa kuuza bangili zake. Mingine ikabaki kungoja, na bangili zilikuwa zimekwisha. Ndipo shangazi yake, Bi Moina, aliposema, "Kwani wewe huna watu? Ita wanawake, nitatangaza mimi."

Bi Moina ndiye aliyekuwa akitangaza zawadi kwenye harusi za mtaa wetu. Sauti yake ukiisikia ukiwa mtaa wa Badjanani unadhani yuko ndani ya chumba chako.

Asiye wa Ngazija itabidi nimweleze. Kwetu zawadi iliyotangazwa haimaliziki. Ukinitunza gunia la mchele mbele ya watu, jina lako likapigiwa vigelegele, basi siku ya shughuli yako nakuletea gunia hilo na kitu juu yake. Nisipoleta, heri nihame. Kila mtu anajua, na Saandia alijua kuliko wengi. Ila alidhani sinema si harusi. Alidhani watu watatoa kama wanavyotoa msikitini, halafu watasahau.

Siku ya shughuli ua wao ulijaa. Saandia alivaa shiromani jipya, ile nguo yetu ya kujitanda, asumini kichwani, akakaa juu ya kiti kirefu kama bibi harusi. Kamardine alikuwa nje ya dirisha anafunga kipaza sauti, na kila akiinua kichwa macho yake yanaangukia kiti kile.

"Zoubeida binti Mouzaoir!" Bi Moina akapaza. "Faranga elfu tano na kuku wawili!"

Vigelegele.

"Mke wa marehemu Chanfi! Gunia la mchele, na la sukari linakuja!"

Vigelegele. Zoubeida, yule yule wa mzungu, alikuwa mbele kabisa, anapunga leso.

"Mama Naïma! Mama Naïma yuko wapi?"

Nilikuwa na noti moja imefungwa kwenye pindo la kanga. Nilikuwa nimekwisha kulishika fundo. Nikamtazama Saandia pale juu, watu wote wanamtazama, mume wangu pale dirishani anamtazama.

"Nanyonyesha," nikasema.

Naïma alikuwa amelala fofofo. Lakini mwanamke anayenyonyesha habishwi. Walinipisha njia, hata Bi Moina akashusha sauti, nikapita na mtoto wangu mpaka nyumbani. Noti ile nilinunulia sabuni.

Saandia alipata fedha siku ile. Mikanda mipya akaagiza, na fedha za kusafishia akaziweka akiba. Wiki mbili hivi alikuwa akipita uani anaimba.

Halafu Zoubeida akabisha hodi kwake. Mtoto wa dada yake anaolewa Ikoni.

"Nimekuja kukualika," akamwambia. "Kuku wako wawili utawaleta mwenyewe au nimtume mtu? Na elfu tano. Na ukija, njoo na mashine."

"Mashine ya nini, dada?"

"Si nilitunza sinema? Basi na mimi nitunzwe sinema."

Saandia akaenda Ikoni na kuku na kamera. Mkanda mmoja ni dakika tatu tu, na kwa bibi harusi wa kwetu dakika tatu hazitoshi hata kuvuka kizingiti. Ikala mikanda mitatu. Walioona Ikoni wakakumbuka kwamba na wao walitoa. Mke wa marehemu Chanfi akaja na hitima ya mumewe. Mwingine akaja na mwana wa kutahiriwa. Asubuhi Saandia anasomesha, mchana anabeba mchele kwenye teksi kwenda Ikoni, jioni yuko kwenye akika ya mtu Moroni, anacheka na kupiga picha na kutoa. Fedha zikatoka kwa mlango ule ule zilioingilia. Vikopo vikazidi kwenye friji yangu, na hakuna hata kimoja kilichokwenda Ufaransa.

Alikonda. Shingo ile ikawa na mishipa. Nilimwona, maana mimi hutazama. Mwenye mtoto mchanga hana kazi nyingine akiwa amekaa.

"Shangazi, nimechoka," nilimsikia akimwambia Bi Moina mlangoni.

"Choka ukiwa umelipa, mwanangu. Asiyelipa hachoki, huzomewa."

Kwenye harusi moja alilala amesimama. Alikuwa ameegemea nguzo, jicho kwenye kamera, watu wanadhani anapiga picha. Kidole kilikuwa kimebana kitufe na kamera imeinama, ikanguruma mpaka mkanda ukaisha. Mkanda mzima wa miguu ya watu. Wanawake walicheka mpaka wakashikana. Mimi nilicheka pia, na nikajisikia vizuri siku nzima.

Wakati huo umeme ukakatika. Haikuwa mara ya kwanza, lakini mara ile haukurudi siku ile, wala ya pili. Kamardine alikuwa amekwenda kaskazini, Mitsamihuli, kutengeneza kipaza sauti cha msikiti, na Saandia yuko Ikoni kwenye deni jingine. Nikabaki peke yangu na friji. Jioni ya siku ya kwanza maji yakaanza kutiririka chini ya mlango wake.

Nikaufungua. Barafu yangu ya kuuza ilikuwa juu, inaanza kulainika, na wateja walikuwa wanagonga, maana umeme ukikatika ndipo barafu inaponunulika. Vikopo vyeusi vilikuwa chini, vimeshika jasho. Nikavitazama. Sikuwa na haja ya kufanya jambo lolote. Ningeuza barafu yangu na kufunga mlango, na joto la Moroni lingefanya kazi yake, na nani angesema ni mimi?

Naïma alikuwa amelala juu ya mkeka, mahali ambapo projekta ilikuwa ikilala. Nilikaa. Nikafikiri juu ya yule bi aliyefika na sufuria moja. Yumo humo, nikasema, kwenye kikopo kimojawapo, na wala hajaniudhi.

Nikavifuta vikopo kimoja kimoja kwa kitambaa kikavu, nikavitia kwenye debe la maziwa ya unga, nikakaza mfuniko, nikaliweka debe katika beseni, na barafu yote nikaizungushia. Juu nikafunika gunia. Wateja nikawaambia imeyeyuka. Umeme uliporudi nilirudisha kila kitu mahali pake.

"Fedha za barafu ziko wapi?" Kamardine akaniuliza aliporudi.

"Umeme ulikatika. Imeyeyuka."

Sikusema uongo.

Siku nyingine nilipeleka chakula kibandani Volo Volo, nikamkuta mzungu wa watu. Nguo nyeusi, mikono iliyochomwa na jua, redio kaseti mbovu mezani. Saandia alikuwepo, amekuja kuchukua waya. Yule mzungu alikuwa akizungumza naye Kifaransa, anatabasamu, na wanunuzi wote wa papa wamegeuka kuwatazama. Mimi Kifaransa changu ni cha dukani, kwa hiyo Kamardine ndiye aliyenieleza baadaye. Mzungu alisema amesikia habari za sinema. Alisema atalipa kusafisha, atalipa na ndege, kila kitu, naye Saandia awapige picha vijana wake siku ya gwaride.

Saandia alikuwa amesimama kwa kushika meza, nilimwona kucha zimekuwa nyeupe. Mtu aliyechoka vile ningesema atakubali.

"Kamera yangu imezoea wanawake, bwana," akajibu. "Askari watatoka vibaya."

Mzungu akacheka. Halafu hakucheka. Akachukua redio yake bila kutengenezwa, akaondoka, na watu wakampisha.

Kamardine alikuwa amekosa fedha ya siku ile, na pengine amejitafutia na balaa. Lakini alikuwa anatabasamu kama mtu aliyetunzwa. Tabasamu lile ndilo lililoniumiza. Nilisimama pale na bakuli la wali na mtoto mgongoni, nikajiambia, mwenzako ana kitu cha kukataa mbele za watu; wewe hata cha kukataa huna.

Nilipofika nyumbani nikamwita Zoubeida ukutani.

"Yule mzungu wako nimemwona. Ametaka kulipa, amekataliwa mbele ya macho yangu."

"Amekataliwa?" Zoubeida akashika kiuno. "Basi Saandia hana akili. Na sisi atatulipa na nini?"

Likizo ilipofika, Saandia akasema atakwenda kisiwa cha Ndzuani, mjini Mutsamudu, kwa kuwa wanawake wengi wa Majunga walirudi huko, naye bado hajawapiga picha. Atachukua mikanda iliyokwisha kusafishwa, awaonyeshe, labda na huko watachangia. Projekta lazima iende, na projekta bila Kamardine haiwaki.

"Naenda na mie," nikasema.

"Na mtoto?" Kamardine akauliza.

"Mtoto anakwenda lilipo ziwa."

Hakubisha. Tukapanda meli, Saandia akalala njia nzima juu ya masanduku. Tulifikia kwa dada yangu Anziza, anayekaa Hombo, nyuma ya hospitali. Anziza alimtazama Saandia akishuka kwenye teksi, akaninong'oneza, "Huyu mgonjwa mmemleta hospitali au kwangu?"

Bi Bahiat, mwenye duka la vitambaa katika vichochoro vya mji wa kale, naye alirudi kutoka Majunga. Aliposikia habari za sinema alitoa ghala lake lililo nyuma ya duka. Saandia akamshukuru, akaanza kumweleza namna atakavyoita wanawake, na majina yatakavyotangazwa, na zawadi.

Bi Bahiat akamkatiza kwa kicheko. "Utangaze majina yetu? Halafu utaturudishia wapi, mwanangu? Meli yako inaondoka wiki ijayo. Mimi harusi ya mjukuu wangu nikufuate Moroni na kapu?"

"Basi watatoaje, bibi?"

"Watalipa. Mtu akinunua kitambaa kwangu, namdai kuja kwenye matanga yangu? Anatoa sarafu, anapita, yamekwisha."

Saandia alimwangalia kama mtu aliyeambiwa anaweza kuketi.

Tukafanya mchana, baada ya adhuhuri, wanawake watupu, isipokuwa Kamardine nyuma ya pazia na mashine yake. Madirisha yalizibwa kwa majora ya kitambaa, ukutani shuka jeupe. Bi Bahiat alikaa mlangoni na bakuli la shaba. Wanawake wa Mutsamudu waliingia na mashiromani yao mekundu, na mmoja, kwa mazoea, akaanza kupaza, "Mimi binti..."

"Jina lako kaa nalo," Bi Bahiat akamwambia. "Sarafu, upite."

Joto lilikuwa kubwa, mimi nimekaa pembeni nanyonyesha kweli. Picha zikaanza. Mikono kwenye cherehani. Meza ya nyanya Volo Volo. Kisha uso wa mwanamke mzee anauma uzi kwa meno, anainua macho, anatutazama.

Katikati ya ghala mtu akasimama.

"Maanrifa!" akasema. "Maanrifa, ni wewe?"

Alikwenda mpaka kwenye shuka, akaligusa, uso wa yule mzee ukamwangukia mkononi. "Tulikuwa ukuta mmoja Majunga. Mtaa ulipoungua nilimwita, hakuitika. Nimemsomea hitima miaka yote hii, jamani. Nimemlia mtu aliye hai." Na akaanza kumsimulia yule wa kwenye shuka kila kitu, nani amezaliwa, nani amekufa, kwa sauti ya mtu aliyekutana na mwenzake kisimani. Ghala zima lilikuwa linalia. Nami nililia, na Naïma akaacha ziwa akanishangaa.

Nikageuka kumtafuta Saandia. Nilitaka kumwona akiwa na furaha ile, nikaiogopa pia, kwa jinsi itakavyonichoma. Alikuwa amekaa sakafuni kando ya pazia, kinywa wazi, kichwa kimeangukia kwenye jora la kitambaa. Amelala. Kelele zote zile, na hakusikia.

Nyuma yake, kwenye uwazi wa pazia, nikamwona Kamardine. Macho yake yalikuwa kwenye mashine, anafuata mkanda unavyopita tunduni, tochi mdomoni, kama alivyokuwa juu ya mkeka wangu. Hakuwa akimtazama Saandia. Hata sikuwa na hakika kama anajua yuko pale.

Jambo ambalo Saandia aliuzia bangili na kukondea, nililiona mimi. Mwenyewe hakuliona.

Nilimsimulia jioni, kwa Anziza. Akasikiliza amelala, akageukia ukuta. "Nimelala," akasema. "Wallahi nimelala." Akawa analia polepole bila kujifuta. Kesho yake mwanamke mmoja wa Hombo akaja na mwaliko wa harusi, ati alilipa mlangoni. Anziza akamfukuza kwa maneno matamu.

Tulipofika Moroni, fedha za bakuli la Bi Bahiat zilitosha kusafisha. Vikopo vilitoka kwenye friji yangu, vikaenda Ufaransa, na baada ya muda vikarudi kwenye bahasha. Ikabaki kukata na kuunganisha: kutoa picha mbaya, kupanga nzuri, kuziunga kwa gundi moja moja kwa mkono. Kazi ya kukaa na kutulia, Kamardine alisema, na mkono usitetemeke. Lakini mlango wa Saandia haukutulia. Madeni ya ile siku ya vigelegele yalikuwa bado. Nilikuwa nikiwaona kutoka uani kwangu wakiingia, Zoubeida na binamu zake, mke wa marehemu Chanfi, Bi Moina na habari za watu. Saandia aliunganisha kipande, akakiunganisha kinyume, watu wakitembea na vichwa chini, akakikata, akakiharibu. Kipande cha Maanrifa mwenyewe nusura kipasuke.

Halafu siku moja, mchana, Kamardine yuko Volo Volo, Saandia akaingia uani kwangu. Hakwenda kwenye friji. Alikaa chini karibu yangu, juu ya mkeka, akamshika Naïma mguu.

"Mama Naïma, nina haja na wewe."

"Kamardine hayupo."

"Najua hayupo. Nimengoja aondoke." Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimekaa nimefikiri, mji mzima huu, kila ninayemtazama ananidai. Mumeo ananidai projekta. Shangazi ananidai sauti yake. Zoubeida, usiseme. Wewe peke yako hukunipa kitu."

Barafu ilinijia mpaka mdomoni, ile ya kwenye beseni, yote. Nikaimeza. Ningeitaja, ingekuwa deni.

"Nilikuwa nanyonyesha," nikasema.

"Ndiyo hilo. Ulisema unanyonyesha, na Bi Moina mwenyewe akanyamaza. Sijapata kuona mtu mwingine akimnyamazisha Bi Moina." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nataka nilale, shoga. Nilale mpaka nishibe, halafu niamke nikae na picha zangu bila mtu kuniita. Wiki moja. Mwisho wa mwezi kuna mtu anakwenda Ndzuani, ataipeleka sinema kwa Bi Bahiat, na yule bi anayemlilia Maanrifa anangoja. Nisipoimaliza sasa sitaimaliza."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Njoo na mtoto na mkeka wako, kila siku baada ya adhuhuri. Ukae kizingitini kwangu, umpe ziwa. Akija mtu na mwaliko, mwambie nimelala. Nikiwa nafanya kazi, nimelala. Nikiwa nakula, nimelala."

"Hata Zoubeida?"

"Hata Zoubeida. Hata shangazi."

Nikamtazama. Nikauliza lile nililokuwa nalo tangu siku ya tochi.

"Hata Kamardine?"

"Yeye kwanza," Saandia akasema. "Akija na bisibisi yake, mpe mtoto ambebe, umwambie Saandia amelala."